Bonde la Hoh: Kinachokata Barabara Ndicho Kilichootesha Msitu

Tarehe 8 Mei 2025 Barabara ya Upper Hoh, njia pekee ya gari ya kufikia msitu wa mvua wa Hoh katika jimbo la Washington, Marekani, ilifunguliwa tena. Ilikuwa imefungwa tangu Desemba 2024, pale mto uliofurishwa na dhoruba ulipomega ukingo na kuondoka na sehemu ya njia. Vyombo vya habari vililisimulia jambo hilo kama suala la fedha na siasa. Gavana Bob Ferguson alitoa dola 623,000 kutoka kwenye akiba ya jimbo, wenye biashara wa eneo hilo wakachangia takriban dola 27,000, wakandarasi wakaingia kazini, na hoteli za mji wa Forks zikapumua kabla ya msimu wa wageni. Yote hayo ni kweli, lakini yanaacha nje mhusika mkuu, ambaye ni mto wenyewe. Mto ulioikata barabara ndio ulioustawisha msitu ambao watu laki nne na zaidi husafiri kuuona kila mwaka, na kazi zote mbili huzifanya kwa tendo moja: kuhama. Ninachodai hapa ni kwamba bonde hili haliwezi kulindwa kwa kuufunga mto mahali pamoja, na kwamba barabara yenyewe haitakuwa salama mpaka miti minene iruhusiwe kukua tena kandokando ya mto, hata nje ya mpaka wa hifadhi.

Tuanze na mahali penyewe. Mto Hoh huanzia kwenye barafuto, yaani matandiko makubwa ya barafu ya kudumu, za Mlima Olympus, wenye kimo cha mita 2,432, na kuteremka takriban kilomita 90 hadi Bahari ya Pasifiki. Mawingu yanayotoka baharini hugonga milima na kumwaga mvua yake bondeni, kiasi cha milimita 3,500 kwa mwaka kwenye kituo cha wageni, ambacho kipo kwenye mwinuko usiofika mita 200 juu ya usawa wa bahari. Nyingi ya mvua hiyo hunyesha kati ya Novemba na Machi. Julai na Agosti huwa kukavu kuliko wageni wengi wanavyotarajia. Ni msitu wa mvua wa ukanda wa baridi. Wakubwa wake ni misprusi ya Sitka, jamaa wa misonobari, na baadhi yake hufika mita 80 kwenda juu na kuishi zaidi ya miaka 500. Pamoja nayo kuna miti ya hemloki, mierezi myekundu, na miti ya mepo yenye majani mapana ambayo matawi yake yamefunikwa na kuvumwani nzito, ule uoto mlaini wa kijani unaopenda unyevu. Mwaka 1981 mwanaikolojia Nalini Nadkarni alionyesha kwamba mepo hizo huchipua mizizi huko huko juu, kutoka kwenye matawi, na kuiingiza katika udongo uliojijenga chini ya kuvumwani. Mti unakula kutoka ardhini na kutoka kwenye mabega yake mwenyewe.

Ulinzi wa kisheria ulikuja kwa kusuasua. Rais Theodore Roosevelt alitangaza eneo la Mlima Olympus kuwa eneo la kumbukumbu la taifa lenye ulinzi mwaka 1909, hasa kwa ajili ya elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu ambaye leo anaitwa kwa jina la rais huyo. Mwaka 1915 Rais Woodrow Wilson alilipunguza eneo hilo kwa karibu nusu. Hifadhi ya Taifa ya Olympic ilianzishwa mwaka 1938, na mwaka 1981 UNESCO ikaiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini mipaka ilichorwa kwa mapatano na wenye mbao, na mapatano hayo yaliipa hifadhi sehemu ya juu ya bonde. Sehemu ya chini ni mchanganyiko wa ardhi ya jimbo, ya makampuni, ya mashirika ya uhifadhi na ya watu binafsi, na mdomoni mwa mto wanaishi Wahoh wenyewe, wenyeji wa asili wa bonde hili. Barabara ina urefu wa takriban kilomita 29. Kilomita 19 za kwanza ni mali ya Kaunti ya Jefferson na ziko nje ya hifadhi. Ni 10 tu za mwisho zilizo ndani. Mkatiko wa Desemba 2024 ulitokea kwenye sehemu ya kaunti. Waliolaumu idara ya hifadhi za taifa walibisha hodi kwenye mlango usio wake.

Sasa tuutazame mto ukiwa kazini, kwa kuwa hapa ndipo hoja nyingi zinapokwama. Mafuriko yakipungua huacha mafungu mapya ya kokoto. Wa kwanza kuota juu yake ni mierebi na miti ya alda nyekundu. Alda hushirikiana na bakteria wa mizizini kuvuta nitrojeni kutoka hewani, na majani yake yanayoanguka hugeuza kokoto tupu kuwa udongo. Baada ya miongo kadhaa misprusi hupenya chini ya alda, huzipita, na kuwa wenye nyumba. Hemloki, zinazovumilia kivuli, huja nyuma yake. Kufikia hapo ardhi imefunikwa kwa kuvumwani na mimea minene kiasi kwamba mbegu ndogo haipati pa kushika, hivyo miche mingi huota juu ya miti iliyoanguka. Gogo mlezi la namna hiyo huoza polepole kwa karne, na linapokwisha huacha safu ya miti mikubwa iliyonyooka kama imepandwa kwa kamba, mizizi ikiwa imesimama juu ya uwazi. Mgeni anayepiga picha ya safu hiyo anaangalia uwanda wa mafuriko ya zamani. Mafungu ya kokoto yakikoma kuzaliwa, msitu wa aina hii hauna mahali pa kuanzia tena.

Mzunguko hauishii hapo. Mto ukila ukingo wenye msprusi mnene, mti huanguka majini pamoja na shina la mizizi yake. Ukiwa mdogo, maji hulibeba gogo mpaka baharini. Ukiwa mkubwa kulingana na upana na kina cha mto, mizizi hukita chini, gogo hutulia, na magogo mengine hujirundika nyuma yake. Wanasayansi Tim Abbe na David Montgomery walichunguza mirundo hiyo katika mto jirani wa Queets na kuchapisha matokeo mwaka 1996. Walionyesha kwamba mirundo yenye magogo makubwa ya nanga huugawa mkondo, huchimba madimbwi ya kina, hukusanya kokoto nyuma yake, na kulinda vipande vya msitu vikapata muda wa kuzeeka huku mto ukihangaika kulia na kushoto. Miti iliyolindwa inanenepa, na siku ikianguka inakuwa nanga mpya. Kwa hiyo msitu wa kale na mto vinashikana: unene wa miti ndio breki ya mto.

Hapa ndipo sehemu ya chini ya bonde inapoingia. Kandokando ya mto nje ya hifadhi, misprusi mingi ya kale ilikatwa katika karne ya 20, na iliyochukua nafasi yake ni miti michanga. Mti wa miaka 40 au 50, umri wa kawaida wa kuvunwa kwenye mashamba ya mbao ya eneo hilo, ukiangukia kwenye mto mkubwa kama Hoh huelea na kwenda zake. Mto bado una nguvu ya kula ukingo, lakini chakula anacholishwa hakimtulizi tena. Ukiongeza mvua kali zinazoletwa na mikanda ya unyevu kutoka Pasifiki, unapata mkondo mpana, wenye matawi mengi, unaoruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na barabara iliyojengwa palepale unaporukia.

Wapo wanaotoa maelezo mengine ya kupanuka kwa mto, nayo yanastahili kusikilizwa. Robert Beschta na William Ripple wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walipendekeza kwamba chanzo ni kuangamizwa kwa mbwa mwitu mwanzoni mwa karne ya 20. Bila mwindaji, elki walikula miche ya kingoni, kingo zikakosa mizizi, mto ukapanuka. Watafiti wengine, wakiongozwa na Amy East wa taasisi ya jiolojia ya Marekani, walipima picha za angani za miongo mingi na kuona kwamba mafuriko na wingi wa mashapo, yaani mchanga na kokoto zinazobebwa na maji, vinaeleza mabadiliko hayo vizuri zaidi kuliko midomo ya elki. Nakubaliana zaidi na kundi la pili, kwa sababu mito hii ilitanuka na kusinyaa kwa kufuata vipindi vya mafuriko, huku elki wakiwapo wakati wote. Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana katika jambo lenye uzito kwa barabara: mto huu haujatulia. Barafuto za milima ya Olympic zimepoteza karibu nusu ya eneo lake tangu mwaka 1900, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba nyingi zitakuwa zimetoweka kufikia 2070. Zinaporudi nyuma huacha wazi miteremko ya mawe na udongo uliolegea ambao mvua itauleta bondeni.

Basi kifanyike nini? Upande mmoja unasema: tengeneza, imarisha kwa mawe, endelea. Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya watu. Mji wa Forks uliishi kwa mbao, mbao zikapungua katika miaka ya 1990, na leo mgeni wa Hoh ndiye anayelipa kodi ya chumba na mshahara wa mhudumu. Barabara ikifungwa mwaka mzima, anayeumia kwanza ni mwenye duka dogo la njiani. Vilevile barabara ndiyo inayompa mzee mwenye fimbo, au mtoto katika kiti cha magurudumu, nafasi ya kuuona msitu huu. Sioni jibu rahisi kwa hoja hiyo, na sidhani anayeipuuza anaijali nchi yenyewe.

Upande wa pili unasema: iache. Mifano ipo karibu kabisa. Barabara ya Dosewallips, upande wa mashariki wa hifadhi hii hii, ilikatwa na mto mwaka 2002 na haijajengwa tena. Watu huingia kwa miguu au baiskeli. Barabara ya Mto Carbon katika Hifadhi ya Mlima Rainier ilibomolewa na mafuriko ya Novemba 2006, na baada ya tathmini ikageuzwa njia ya miguu na baiskeli. Bondeni Elwha, baada ya mabwawa mawili kubomolewa kati ya 2011 na 2014, mto ulirudia mwendo wake wa zamani na kuimeza barabara. Mabonde hayo yanaendelea vyema, hilo nalikubali. Lakini hakuna hata moja lililopokea idadi ya wageni ya Hoh. Ukiifunga Hoh, umati hautabaki nyumbani. Utahamia Quinault na Sol Duc, mabonde mengine ya hifadhi hii, ambako maegesho nayo hujaa. Tena kufunga kilomita 10 za hifadhini hakugusi tatizo la kilomita 19 za chini, ambako kuna nyumba na mashamba ya miti yatakayoendelea kuhitaji njia.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kwamba ukuta wa mawe unalinda barabara na msitu kwa pamoja. Ukuta hufanya kazi kwa muda, ni haki kukiri. Malori huleta majabali yenye kona kali, hupangwa kwenye mteremko wa ukingo, changarawe na lami hufuata juu, na magari hupita upesi. Kasoro iko chini ya maji. Mto ukizuiwa kula pembeni hula chini: huchimbua mguu wa ukuta mpaka mawe ya chini yanazama na ya juu yanaporomoka. Nguvu isiyotumika hapo huhamia mbele, mara nyingi ukingo wa ng'ambo, na huko nako mtu huomba ukuta wake. Mkondo unakuwa mmoja, wa kasi na wa kina, bila vijito vya pembeni. Samoni wa aina ya koho hukaa kwenye maji yasiyo na chumvi kwa mwaka mzima au zaidi kabla ya kwenda baharini, na wakati wa mafuriko ya baridi wanahitaji vijito hivyo tulivu, visipokuwepo husombwa. Na msitu? Nyuma ya ukuta hakuna kokoto mpya, kwa hiyo hakuna alda wala misprusi ya kizazi kijacho. Kinacholindwa ni miti iliyopo leo, ambayo itakufa bila kurithiwa.

Upo pia uzito wa sheria ambao mjadala wa wageni huusahau. Mataifa ya wenyeji wa pwani hii, Wahoh miongoni mwao, yalibakiza haki ya uvuvi katika mkataba wa miaka ya 1855 na 1856. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba haki ya namna hiyo ina maana ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mwaka 2018, katika kesi ya makalavati, Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika sawasawa na hivyo kuiacha isimame hukumu iliyolitaka jimbo la Washington lirekebishe makalavati yanayowazuia samoni. Atakayepanga ukuta mrefu kando ya Hoh asidhani anabishana na wapenda miti peke yao. Wahoh tayari wameulipia mto huu: sheria ya mwaka 2010 iliwapa ardhi ya juu ili makazi yao yaondoke kwenye hatari ya mafuriko na tsunami. Kama jamii nzima imekubali kuhamisha nyumba zake, kuhamisha kilomita mbili tatu za lami si ombi kubwa.

Njia ninayoiona ina sehemu tatu, na zinategemeana. Kwanza, pale ambapo mteremko unaruhusu, barabara isogezwe kutoka kwenye uwanda wa mafuriko na kupandishwa juu. Ni ghali mara moja, kisha gharama inakoma kujirudia. Pale ambapo mlima unaibana barabara dhidi ya mto, itumike mirundo ya magogo iliyojengwa kwa makusudi badala ya ukuta mtupu. Wahandisi wa jimbo walishaijenga kwenye Mto Hoh karibu na Barabara Kuu namba 101 mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo ujuzi upo. Nguzo za mbao hukitwa ndani ya kokoto, magogo yenye mizizi husukwa kati yake, na uzito wa mawe na mchanga huyashikilia. Maji hupungua kasi, kokoto hujaa nyuma, na miti huota juu. Hushindwa kwa sababu zinazojulikana: magogo membamba kupita kiasi, magogo yaliyokatwa mizizi, nguzo fupi zinazochimbuliwa, au mrundo mfupi mno hata mto ukaupitia nyuma yake.

Pili, ukanda wa mto kwenye ardhi ya jimbo na ya makampuni uachwe uzeeke, si miaka 50 bali mia mbili na zaidi, ili mto upate tena nanga zake bila mkandarasi. Hapa ndipo pana ugumu wa kweli. Mapato ya mbao za ardhi ya jimbo huchangia shule na huduma za kaunti, na mkuu wa kaunti anayeombwa asamehe mapato hayo ana haki ya kuuliza nani atafidia. Jibu langu ni kwamba fidia ilipwe na fungu lile lile linalolipa ukarabati wa dharura, kwa kuwa faida inakwenda kwa barabara ileile.

Tatu, magari yapunguzwe. Kiangazi maegesho ya Hoh hujaa kuanzia katikati ya asubuhi, na baada ya hapo gari moja huingia lingine likitoka; kusubiri saa mbili langoni ni jambo la kawaida. Hifadhi ya Zion, katika jimbo la Utah, ilianzisha mabasi ya kupokezana mwaka 2000 kwa sababu kama hiyo. Basi likianzia Forks au Barabara Kuu 101 litaleta wageni walewale bila kupanua lami kuelekea mtoni, na mji utapata mtu anayekunywa chai akingoja basi. Pingamizi la wenye maduka ya njiani linaweza kujibiwa kwa vituo vya kushuka.

Mpaka hayo yafanyike, anayekwenda sasa ana wajibu wake. Kwa Waswahili wengi wanaoishi Kent, Tukwila na SeaTac, karibu na Seattle, ni safari ya takriban saa nne kwa gari. Fika langoni kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni, kwa kuwa Juni na Julai jua huchwea karibu saa tatu usiku. Kati ya Novemba na Machi angalia taarifa ya barabara siku hiyo hiyo, na usiingie upepo ukiwa mkali: ardhi iliyolowa haishiki mizizi, na miti huanguka. Vaa sufu au nguo za nyuzi bandia chini ya koti la mvua. Pamba ikilowa haikauki, na baridi yake hupenya. Njia ya Hall of Mosses ina kilomita 1.3 na ile ya Spruce kilomita 1.9, zote mbili zinazunguka na kurudi mwanzo. Usitoke njiani, wala usipande juu ya magogo kupiga picha, kwa sababu miche iliyo juu yake huenda ina miaka mingi ingawa ni midogo kama kidole. Wanaolala porini wanahitaji kibali, na chakula chao kihifadhiwe pale ambapo dubu hawezi kukifikia. Vijito vinavyotoka kwenye barafuto vivuke asubuhi; mchana barafu huyeyuka na maji kupanda. Kaa angalau mita 45 mbali na elki, hasa Septemba na Oktoba, madume yanapopigania majike.

Na makombo. Huko juu, kwenye matawi mapana yenye kuvumwani, hutaga ndege wa baharini aitwaye mareleti, ambaye yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1992. Hutaga yai moja tu kwa msimu. Makombo ya mkate mezani kambini huwavuta ndege wa jamii ya kunguru, wakizoea hukaa hapo hapo, na wakikaa hulipata yai. Anayekula sandwichi akaipangusa meza mpaka ikawa safi amefanya kazi ya ulinzi wa msitu iliyo kamili kama ya mlinzi mwenye sare.

Kuhusu uamuzi wa barabara, kalenda haingoji. Msimu wa dhoruba huanza Novemba, na kaunti ndogo yenye wakazi elfu thelathini na kitu haiwezi kulipia kila mkatiko kwa michango na akiba ya gavana. Makubaliano kati ya kaunti, jimbo, hifadhi na taifa la Wahoh, yakitaja kipande gani kitahamishwa kwanza na ukanda gani wa miti utaachwa, yaandikwe wakati barabara ni nzima. Mto ukishaikata, kila mtu hutaka mawe, na mawe ndiyo yatakayoletwa.